Onyo la Kukimbia na Habari ya Kupiga: Simu ya Mwanajeshi wa Akiba Nyumbani Mwetu

Mazungumzo ya redio juu ya amani, yamechapwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji

Tunawasalimu nyinyi mliohama vijiji vyenu na kulala kambini, nyinyi mliopokelewa kwa jamaa, na nyinyi wakubwa wa mitaa, mashefu wa vijiji, wazee wa barza, wachungaji na walimu. Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo ambacho karibu kila nyumba inacho: simu. Tutazungumza pia juu ya Motorola na foni, maana vyombo hivi vitatu ni ndugu.

Kwa nini jambo hili liwe la amani? Kwa sababu vita vyetu havipiganwi na askari wa kambi peke yao. Mwaka 2022 Rais wa Jamhuri aliwaita vijana waunde vikundi vya kulinda mitaa yao. Mwaka 2023 nchi yetu ilipata sheria ya kuunda jeshi la akiba, ambalo kwa Kifaransa linaitwa Réserve armée de la défense, kwa kifupi RAD. Leo hatusemi nani ana haki na nani ana kosa katika vita. Tunasema juu ya jambo moja tu: mwanajeshi wa akiba ni mtu gani, na simu yake inaleta nini nyumbani?

Askari wa kazi yote analala kambini pamoja na wenzake. Mwanajeshi wa akiba ni raia anayeitwa kunapokuwa na haja. Leo yuko shambani, kesho yuko kwenye mstari wa vita, kesho kutwa yuko nyumbani anakula ugali na watoto wake. Ni mtoto wako, mume wako, shemeji yako. Nguo anabadilisha, bunduki pengine anaiacha, lakini simu haibadiliki. Simu ile ile aliyopokea amri asubuhi ndiyo anayompigia mama yake jioni. Vita vinaingia nyumbani ndani ya mfuko wa suruali, na hakuna anayeviona.

VYOMBO HIVI VINASEMAJE?

Tuanze na foni. Wazee wanaikumbuka vizuri. Kabla ya simu za mkono kufika kwetu, mtu aliyetaka kusalimia jamaa wa mbali alikwenda kwenye foni ya misioni au ya wafanyabiashara, akangoja zamu yake. Sauti ya foni inapanda juu, inagonga tabaka la hewa la juu sana, kisha inarudi chini mbali, hata kilomita mia kadhaa. Ndiyo maana mnakumbuka kwamba kwenye foni hapakuwa na siri. Ulipomwambia dada yako habari ya mahari, watu wa miji mingine mitano waliisikia pia.

Motorola inafanya kazi kwa njia nyingine. Sauti yake haigongi juu, inakwenda moja kwa moja. Mlima ukiwa katikati, inakatika. Ukiwa juu ya mlima, inafika mbali sana. Lakini Motorola ya kawaida haina kufuli. Mtu yeyote mwenye chombo kilichowekwa kwenye mstari huo huo anasikia kila neno. Wengine wanadhani wamejificha kwa kusema mafumbo: wanasema «mahindi» badala ya risasi, «wageni» badala ya adui. Fumbo la namna hiyo linafunguliwa kwa siku mbili. Tena kuna vyombo vinavyoweza kuonyesha sauti inatoka upande gani. Kwa hiyo anayesema kwenye Motorola anaonyesha pia mahali alipo, na pamoja naye wale waliokaa karibu naye.

Sasa simu. Wengi wanafikiri kwamba simu inasema wakati mtu anapopiga tu. Si hivyo. Simu iliyowashwa inaongea na antena hata ikiwa mfukoni. Inasema: «Mimi niko hapa, nikiitwa nitafutwe upande huu.» Bila hivyo, rezo haingejua pa kukutafuta. Katika mji, ambako antena ziko karibu karibu, mahali pa simu panajulikana kwa karibu. Katika pori, ambako antena ni chache, eneo linakuwa pana zaidi. Na simu nyingi mia zikiwashwa usiku mahali ambapo jana hapakuwa na simu hata kumi, mwenye kuchungua hahitaji kusikia neno hata moja. Wingi wenyewe ni habari.

Kuna pia picha. Simu nyingi za kisasa zina uwezo wa kujua mahali zilipo kwa kupokea alama kutoka satelaiti, hata pasipo rezo. Uwezo huo ukiwa umefunguliwa, simu inaweza kuandika mahali hapo ndani ya picha bila wewe kuona. Na hata pasipo maandishi hayo, picha inaonyesha mlima wa nyuma, mnara wa kanisa, bati jekundu la shule. Mtu wa eneo hilo akiitazama anajua mara moja ni wapi.

Mtasema: «Lakini WhatsApp ina kufuli.» Ni kweli, tangu mwaka 2016 ujumbe wake umefungwa njiani, na anayeukamata katikati hawezi kuusoma. Lakini kufuli hilo ni la njiani. Ujumbe ukifika, umefunguka. Simu ikichukuliwa kwenye barieri, au ikiachwa kwenye kibanda cha kuchaji bila namba ya siri, kila kitu kinasomwa. Na kikundi cha watu mia mbili kina milango mia mbili: mmoja akinyang'anywa simu, majina ya wote yako mezani.

YALIYOWAPATA WENGINE

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwezi wa 8 mwaka 1914, katika vita vikubwa vya kwanza vya Ulaya, majeshi ya Urusi yaliyokuwa yanaingia Ujerumani ya mashariki yalitumiana amri kwa redio bila kuzificha. Wajerumani walizisikia na kujua kila jeshi litakwenda wapi na lini. Huko Tannenberg, Warusi zaidi ya 90,000 walitekwa.

Mfano wa pili ni wa juzi, na unahusu wanajeshi wa akiba wenyewe. Mwezi wa 9 mwaka 2022 serikali ya Urusi iliita watu wa akiba 300,000 kwenda vita vya Ukraine. Walikuwa baba wa jamaa, madereva, wafanyakazi wa viwanda. Mamia yao waliwekwa pamoja katika jengo la shule ya ufundi, mjini Makiivka. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 2023, roketi za Ukraine zilipiga jengo hilo. Urusi ilikubali kwamba watu 89 walikufa. Ukraine ilisema waliokufa ni wengi zaidi sana.

Wakubwa wa jeshi la Urusi walisema sababu kubwa ni simu: wale watu walizitumia ingawa zilikatazwa, na adui akajua mahali walipo. Tunaweza kuelewa. Ni usiku wa mwaka mpya, mtu yuko mbali na mke wake, anataka kusikia sauti ya mtoto. Lakini huko huko Urusi watu waliuliza: nani aliyewarundika watu wengi hivyo ndani ya jengo moja? Ilisemwa pia kwamba risasi na mabomu viliwekwa humo humo.

Wapenzi wakubwa, sikieni vizuri swali hilo. Ni rahisi kulaumu simu ya mdogo. Lakini mkubwa anayepanga watu ndiye wa kwanza kujibu. Anayewaweka wapiganaji kati ya nyumba za raia amekwisha kuonyesha nyumba hizo, hata kama hakuna simu hata moja.

KAMBI ISIYOJITENGA NA SILAHA

Sisi wa Kivu tunalijua jambo hili kwa maumivu. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliwekwa katika kambi zilizozunguka Goma. Ndani ya kambi hizo, kati ya wamama na watoto, waliishi pia askari wa jeshi lililoshindwa na Interahamwe. Dunia ilisema wote ni wakimbizi, haikuwatenga. Mwisho wa mwaka 1996 vita vilizifikia kambi zile, Mugunga pia, na watu wengi wasio na hatia walipotea pamoja na wenye silaha.

Miaka 28 baadaye, tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2024, mabomu yaliangukia kambi za waliohama vita, pale pale upande wa Mugunga na Lac Vert. Zaidi ya watu kumi walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Pande za vita zilisukumiana kosa. Anayepiga kambi ya raia ana kosa, na hakuna neno la kumtetea. Lakini mashirika ya misaada yalilalamika pia juu ya silaha nzito zilizowekwa karibu na makambi. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Lakini nyasi zina haki ya kuwaambia tembo wasije kulala juu yake.

Kwa hiyo ulinzi wa kambi si uzio tu. Ni pia habari zinazoingia na kutoka. Mpiganaji akija kulala kwa mke wake na Motorola inayolia usiku kucha, hema hilo si hema la jamaa tena mbele ya macho ya adui yake. Na mahema ya majirani yameshikamana nalo.

HABARI ZA NAMNA MBILI

Hapa ndipo kiini cha mazungumzo ya leo. Kuna habari za namna mbili, na hatupaswi kuzichanganya.

Ya kwanza ni onyo la kukimbia. Unaona hatari, unawaambia watu: «Njia ya mtoni si salama, msipite. Chukueni watoto, nendeni upande wa kanisa.» Habari hii inaokoa. Ni haki ya kila raia kuitoa na kuipokea. Tangu miaka ya 2010, katika vijiji vingi vya mashariki, MONUSCO pamoja na wakaaji walipanga minyororo ya onyo ya namna hii, ambapo watu waliochaguliwa walipiga simu hatari ilipokaribia.

Ya pili ni habari ya kupiga. Unamwambia mtu mwenye silaha: «Wako thelathini, wako nyuma ya soko, wana bunduki kubwa moja, wapigeni sasa.» Habari hii inaongoza risasi. Sheria ya kimataifa ya vita inamlinda raia, ila kwa wakati ule anaposhiriki yeye mwenyewe katika mapigano. Mwaka 2009 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa mwongozo juu ya jambo hili, nao unaeleza kwamba kupeleka habari za kuelekeza shambulio kunaweza kuhesabiwa kuwa kushiriki. Hukushika bunduki, lakini kwa wakati huo unaweza kupoteza ulinzi wako wa raia.

Maneno yanaweza kufanana, lakini yanatofautiana kwa mambo mawili: yanakwenda kwa nani, na yanataka nini. Onyo linakwenda kwa wanaotakiwa kuokoka. Habari ya kupiga inakwenda kwa anayetaka kuua. Taabu inaanza pale mwanajeshi wa akiba anapokuwa ndani ya kikundi cha simu cha kijiji. Mama ameandika: «Nimeona watu wenye silaha kwenye daraja, wazazi msitume watoto maji.» Mama ametoa onyo. Lakini mpiganaji aliyemo kikundini ameligeuza kuwa habari ya kupiga. Kesho upande wa pili wakisoma simu iliyokamatwa, wataona jina la mama huyo, na hawatauliza alikuwa na nia gani.

KUMWITA MTU MPELELEZI

Kuna hatari nyingine inayofanana na hiyo. Mtu akionekana anapiga simu kando ya njia, wengine wanasema: «Huyu ni mpelelezi, anauza kijiji.» Pengine alikuwa anatafuta rezo juu ya kilima, kama sisi sote. Pengine lugha aliyosema haikueleweka na waliopita, basi ikawa kosa lake.

Tunajua neno hilo linaishia wapi. Mwaka 1994 redio RTLM ya Rwanda ilitaja watu kwa majina na mahali walipo, na watu wakaenda kuwaua. Siku hizi huhitaji kuwa na redio. Mesaji moja ya sauti, ikisukumwa kutoka kikundi hadi kikundi, inatosha. Simu mkononi si ushuhuda. Namba isiyojulikana si ushuhuda. Kabila si ushuhuda hata kidogo. Mkubwa wa mtaa akiletewa mtu wa namna hiyo, kazi yake ya kwanza ni kutuliza watu na kumtoa mikononi mwa umati, kisha kumfikisha kwa wenye madaraka ya sheria akiwa mzima.

TUFANYE NINI?

Kwanza, nyinyi jamaa. Usimwulize mwanao au mume wako aliye kwenye jeshi la akiba: «Uko wapi? Mko wangapi? Mtatoka lini?» Mwulize: «Uko mzima?» Yatosha. Upendo hauhitaji jina la kilima. Akikutumia picha yake na wenzake, usiitume mbele na usiiweke kwenye ukurasa wa simu, hata kwa majivuno ya mzazi. Weka namba ya siri kwenye simu yako. Futa kile usichotaka kikuulize maswali njiani. Na akija nyumbani au kambini, mwambie kwa heshima: «Baba, chombo cha vita kibaki kule vita viliko. Hapa kuna watoto wa watu.»

Pili, nyinyi wakubwa. Kikundi cha onyo kiwe cha raia peke yake, na watu wake wajulikane. Mwanajeshi wa akiba, hata akiwa mtoto wa shefu, asikae humo wakati yuko kazini. Andikeni sheria tatu fupi: hatusemi hesabu ya wapiganaji, hatutaji silaha, hatutaji jina la mtu kwamba ni adui. Tunasema njia gani haipitiki na watu waende wapi. Kabla ya kusukuma habari mbele, mmoja aulize: nani ameona kwa macho, lini, na wapi? Kama hakuna aliyeona, isubiri.

Tatu, alama ya onyo iwe na maana moja, na kila mtu aijue. Wengine walijifunza hili kwa aibu. Mwaka 1940, Uingereza ilipoogopa kuvamiwa, iliunda jeshi la raia la kulinda vijiji, lililoitwa Home Guard. Kengele za makanisa zilinyamazishwa nchi nzima, kusudi zilie siku ya uvamizi tu. Tarehe 7 mwezi wa 9, makao makuu ya jeshi yalituma neno la siri, «Cromwell», maana yake uvamizi uko karibu, watu wakae tayari. Baadhi ya wakubwa wa Home Guard walielewa kwamba adui amekwisha kushuka. Wakapiga kengele. Watu wakatoka na silaha usiku, na mahali pengine madaraja yakavunjwa, lakini hakuna adui aliyekuja. Basi, ikiwa kwenu ni filimbi, ngoma au chuma cha gari kinachogongwa, kubalianeni mbele ya watu wote: mlio huu maana yake ni kukimbia, na hauna maana nyingine. Rezo inaweza kukatika, chuma hakikatiki.

Nne, watoto. Pengine wapiganaji wanamtuma mtoto: «Nenda sokoni uone wako wangapi, urudi utuambie.» Au wanampa simu apeleke. Wanasema: «Hatukumpa bunduki.» Sheria ya Kongo ya mwaka 2009 ya kumlinda mtoto inakataza kumtumia mtoto wa chini ya miaka 18 katika vita. Na mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu ilimhukumu Thomas Lubanga, mwenzetu wa Ituri, kwa kuwaingiza na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Alipewa miaka 14 ya kifungo. Mzazi, mtoto wako asiwe masikio ya mtu mwenye bunduki.

MANENO YA MWISHO

Wapenzi wasikilizaji, mababu zetu walisema: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kinapona. Siku hizi ulimi wetu umekuwa mrefu, unafika Kinshasa na ng'ambo kabla hatujafunga mdomo, na hatuwezi kuurudisha.

Hatuwaambii mtupe simu. Simu imeunganisha jamaa zilizotawanyika, imeleta msaada wa pesa, imeokoa vijiji vilivyopata onyo saa moja kabla. Tunawaambia mwangalie habari iendayo ndani yake. Kabla ya kubonyeza, jiulize swali moja: neno hili litamsaidia mtu kukimbia, au litamsaidia mtu kupiga? Kama ni la kukimbia, lipeleke haraka. Kama ni la kupiga, liache lifie kwako.

Kaeni na amani, mpaka mazungumzo yajayo.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji

1. Katika kikundi chetu cha simu, nani yumo ambaye pia anabeba silaha? Tutamwombaje atoke bila kumvunjia heshima?

2. Onyo letu la kukimbia ni mlio gani? Je, bibi asiye na simu na mtoto wa miaka saba wanaujua?

3. Mtu akiitwa mpelelezi kati yetu leo jioni, nani atasimama mbele yake, na atasema nini?